Stelingi Asiyeomba

"Nieleze kwa Kiswahili," Dafrosa alisema. "Kile Kiingereza ulichowapa polisi tukiache kwanza."

Jedidah Kwamboka alikuwa amejikunyata upande wa pili wa meza, viganja amevificha ndani ya mikono ya gwanda la mahabusu. Chumba kilikuwa na joto la kutosha, lakini alitetemeka kama mtu aliyeingia sasa hivi kutoka nje, kwenye baridi iliyofanya shule za jimbo zima zifungwe Februari ile ya 1996.

"Nimewaambia hiyo story mpaka nimechoka, Auntie. Wananiangalia tu. Wanasema nadanganya."

"Mimi si polisi. Nimetumwa na wakili wako, Nahashon. Kesho asubuhi mwendesha mashtaka anataka kukupandisha kizimbani kwa kusababisha kifo cha mzee uliyekuwa unamtunza. Tuna leo tu. Anza na Jumanne asubuhi."

Dafrosa Mapunda hakutoa kalamu. Kabla ya kuja Minneapolis kusoma alikuwa sajini wa upelelezi Tanga, na huko alijifunza kwamba mtu akiona kalamu huanza kuchagua maneno. Masomo yalipokwisha alibaki, akachukua leseni ya upelelezi binafsi, na sasa mawakili walimtafuta hasa pale mshtakiwa alipokuwa mtu wa Afrika Mashariki.

"Ile video yake iliharibika," Jedidah alisema. "Ilimeza kanda. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi kule Roseville, karibu na ile mall. Kurudi, nikampata mzee hana raha. Bila zile sinema aliigiza zamani hatulii. Akaniambia nimtolee projekta ya zamani, ilikuwa kwa kabati chini ya ngazi. Ilikuwa na vumbi, hata sikujua kama inafanya kazi. Akaiwasha mwenyewe, ikaanza kunguruma, akafurahi kama mtoto. Mimi nikapanda juu."

"Halafu?"

"Mgeni akaja. Nikamfungulia. Alikuwa amekuja siku nyingine, kitu wiki mbili hivi, na tepu ya ku-record. Mzee akapiga kelele kutoka basement kwamba ateremke. Akateremka."

"Yukoje huyo mgeni?"

"Mrefu sana. Koti refu jeusi, kofia ya manyoya, buti kubwa. Hayo yote nilimwambia yule ofisa."

"Mwanamume au mwanamke?"

Jedidah alimkodolea macho. "Ni mwanamke! Kwani hawakukuambia?"

Dafrosa alikuwa ameyasoma maelezo ya polisi garini. Tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mgeni alikuwa mwanamume.

"Hebu nisemee kwa Kiingereza, vilevile ulivyomwambia yule afisa."

"Nilisema, he come with long coat, he go down to the old man, he..." Jedidah alisita. Mkono ukatoka kwenye gwanda taratibu, ukafunika mdomo. "Aki ya Mungu. Nilisema 'he'?"

"Ulisema 'he'."

"Nikiwa na uoga huwa nachanganya! Hata kazini wananicheka. Kwetu ni yeye tu, Auntie. Yeye ni yeye!"

"Najua. Kwa hiyo wao walitafuta mwanamume, wakamkosa, wakaamua kwamba mgeni umemtunga." Dafrosa alisogeza kiti mbele. "Tuendelee. Ulisikia nini kutoka chini?"

"Nilikuwa napita juu ya ngazi na kikapu cha nguo. Mlango wa basement umefungwa, projekta inapiga kelele. Nikasikia mtu anasema 'please'. 'Please, please.' Nikajua ni sinema. Huko chini kila siku ni bunduki na watu kulia. Nikaenda kutandika kitanda chake. Baadaye nikasikia mlango wa mbele umefungwa. Nikashuka na supu. Filamu ilikuwa imeisha, mkia wake unazunguka tu na kupigapiga. Na yeye alikuwa kwa kiti, macho wazi."

"Sauti ya 'please' ilikuwa ya nani?"

"Yake."

"Yake ya kwenye filamu au yake mwenyewe?"

"Nimekaa kwake miaka miwili. Najua vile alikuwa anaongea akiwa kijana, na vile anaongea akiwa mzee. Ilikuwa ya mzee." Machozi yakamjaa machoni. "Lakini hiyo nimeijua baadaye, Auntie. Wakati ule nilikuwa na-fold mashuka."

Dafrosa alisimama, akamshika bega. Mlinzi akagonga kioo kumwonya asimguse.

*

Akiendesha gari kuvuka mto kuelekea Saint Paul, barafu ikiwa imetanda toka ukingo hadi ukingo, Dafrosa alimfikiria marehemu. Alimjua tangu utotoni bila kumwona.

Dunia ilimwita Nick Corso. Wazazi wake, Waswidi wa Kilutheri waliohamia Saint Paul, walimbatiza Elmer Lindqvist. Ujanani alibeba mizigo ya wageni kwenye hoteli ya mjini, miaka ambayo majambazi wa Chicago walikuja kujipumzisha huko polisi wa kwao walipowabana. Aliwafungulia milango, akawapandisha lifti, na jicho lake halikupumzika. Aliona kwamba aliyeogopwa kuliko wote ndiye aliyesema polepole kuliko wote. Ujuzi huo akaenda nao California kuigiza filamu. Huko wakamtia nywele rangi nyeusi, wakampa jina la Kitaliano, na kwa miaka ishirini mtoto wa seremala wa Kiswidi akawa jambazi wa Marekani nzima.

Baba yake Dafrosa, Mngoni aliyetoka Songea kwenda kukata mkonge Tanga, alimwona kwenye sinema ya mjini Jumapili moja, filamu yenyewe imekwishachakaa na kuchanika. Hadi uzeeni alikuwa akisimulia taharuki ya siku ile. Kila mtu aliyelipa kiingilio alijua kwamba stelingi, shujaa wa filamu, hafi. Huyu akafa. Watu walikaa vitini taa zikiwa zimewashwa, wakingojea ainuke. Wiki iliyofuata wakamrudia katika filamu nyingine, akafa tena: safari hii kwa risasi, nyingine kwenye kiti cha umeme, nyingine kwa kuanguka kutoka juu ya ghorofa. Kilichowafanya wamrudie ni kwamba alikufa bila kuomba. Studio iliwahi kumtaka apige magoti na kumlilia adui yake. Alikataa, akawekwa nje bila kazi mwaka mzima, na walipomrudisha walikuwa wamelifuta tukio hilo. Kabla na baada ya hapo hakuna filamu yake hata moja ambamo aliomba. Magazeti yaliandika, matangazo yakatangaza. Kwenye kambi za mkonge watoto walicheza "Koso", na aliyesema "nisamehe" alitolewa mchezoni.

Basi lile "please" halikutoka kwenye filamu yoyote.

*

Afisa upelelezi Harrison Lund alimfungulia mlango wa nyumba ya marehemu. Alikuwa jitu la mtu, mwenye mafua na uso wa kukosa usingizi. Hakufurahi kumwona, lakini hakuwa mtu wa kumzuia mjumbe wa wakili kuona mahali pa tukio.

"Dakika chache," alisema. "Usiguse kitu."

Walishuka. Chumba cha chini kilikuwa sinema ndogo: kiti kimoja cha ngozi, kipana na kizito, kikitazama skrini ukutani; nyuma yake meza iliyopigiliwa misumari sakafuni, na juu ya meza projekta. Upande wa kulia kulikuwa na kabati refu lililofika karibu na dari, limejaa makopo ya bati yenye filamu. Hapakuwa na kiti kingine.

"Vidonge vyake vya moyo," Dafrosa alisema. "Vile vya kuweka chini ya ulimi. Mlivikuta wapi?"

Harrison alionyesha juu kabisa ya kabati. "Kichupa kilikuwa pale, nyuma ya lile kopo. Daktari alikuwa ameagiza kikae mezani, karibu na mkono wake, saa zote. Moyo ulimshika, akanyoosha mkono, hakikuwepo. Mhudumu wake alikiondoa. Jirani anasema asubuhi ile waligombana kuhusu chumvi kwenye supu."

"Nionyeshe alivyokiweka pale."

"Nini?"

Dafrosa alisimama mbele ya kabati, akainua mkono, akajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu. Vidole vya mkono vikaishia upana wa kiganja chini ya ukingo.

"Jedidah ananifika hapa," alisema, akigusa sikio lake.

"Alipanda juu ya kitu."

"Kipi?"

Harrison alikitazama kiti cha ngozi, akakisukuma kwa goti. Hakikutikisika. Akaitazama meza na misumari yake. Kisha akainua mkono wake mwenyewe, na bila kujinyoosha akaweka kiganja juu ya kabati. Akakiacha hapo kwa muda, akifikiri.

"Angeweza kuleta kigoda cha jikoni," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Ashushe kigoda, apande mbele ya macho ya mzee, ashuke, akirudishe jikoni, naye mzee amtazame tu?"

"Sasa kwa nini anidanganye kuhusu huyo mwanamume? Anayesema kweli hatungi mtu."

"Hakutunga. Lugha yetu haina neno la 'he' wala 'she'. Tuna neno moja kwa wote. Mtu akiogopa, kinywa kinarudi nyumbani. Mgeni alikuwa mwanamke."

Harrison alitoa leso, akapenga kamasi, akaikunja leso polepole kuliko ilivyohitajika.

"Jirani wa ng'ambo ya barabara ulimuuliza nini?" Dafrosa aliuliza.

"Kama aliona mwanamume akiingia hapa Jumanne."

"Akasema?"

"Akasema hakuona mwanamume yeyote."

Harrison alivaa glovu, akapanda ngazi. Kupitia kidirisha kilichokuwa sawa na ardhi Dafrosa aliyaona mabuti yake yakivuka barabara katika theluji. Yalikaa huko. Yalipokuwa yakirudi, yalikuwa yanatembea upesi.

"Mwanamke mrefu," alisema kabla hajafika ngazi ya mwisho. "Koti jeusi, kofia ya manyoya. Alikuja kwa gari la kijani, akaondoka akiwa karibu kukimbia, akateleza na kuanguka pale getini. Yule bibi alidhani ni nesi." Alivua kofia. "Na mimi namjua. Jana nilichukua maelezo yake. Anaitwa Pamela Reinholt. Ana jumba dogo la sinema Minneapolis, na Jumamosi wanamfanyia marehemu sherehe ya heshima. Ni mrefu karibu kama mimi. Gari la kijani lilikuwa mlangoni pake."

"Alisema alimwona marehemu lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Alisema walitazama kanda za video pamoja, akamrekodi, basi."

"Utamwita kituoni?"

"Nikimwita atakuja na wakili, na wakili atasema jirani ni bibi kizee mwenye miwani mizito. Hataongea."

"Mimi si polisi," Dafrosa alisema. "Naweza kwenda kumwuliza habari za filamu kama mtu mwingine yeyote, na anaweza kunifukuza akitaka. Wewe kaa viti vya nyuma. Ila jana, ulipoongea naye, ulimwambia nini kuhusu hiki chumba?"

"Hakuna. Kwamba amekufa nyumbani kwake na mhudumu anashikiliwa. Basi."

"Jina la mhudumu?"

"Sikulitaja."

*

Jumba la sinema lilikuwa na giza walipoingia, isipokuwa skrini. Filamu ya Jumamosi ilikuwa inajaribiwa. Nick Corso, kijana, nywele nyeusi zimelala kama zimepigwa pasi, alisimama kwenye mgahawa na kofia mkononi. Pamela Reinholt alikuwa amekaa peke yake safu ya katikati, koti jeusi limelazwa kwenye kiti cha pembeni. Harrison alibaki nyuma, akakaa bila kutoa sauti.

Dafrosa aliketi akiacha kiti kimoja kati yao.

"Bi Reinholt, naitwa Dafrosa Mapunda. Namfanyia kazi wakili wa mhudumu wa Bwana Corso."

Pamela aligeuka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, uso mrefu, taya imara. "Maskini yule msichana," alisema. "Sijui nitakusaidiaje. Sikuwapo."

"Nataka tu kumfahamu marehemu. Baba yangu alimpenda. Kwetu walimwita stelingi asiyeomba."

"Kwenu wapi?"

"Tanzania."

Pamela karibu atabasamu. "Alifika mbali." Akarudisha macho kwenye skrini.

Dafrosa naye alitazama, lakini alimtazama yeye zaidi. Corso alisema neno, akawasha sigara, akageuka. Macho ya Pamela hayakumfuata. Yalibaki kwenye kona ya picha, kwa mwanamume mrefu aliyekuwa akinywa kahawa kaunta, aliyeangusha kikombe risasi zilipoanza.

"Tatizo letu," Dafrosa alisema, "ni kwamba mhudumu anadai alisikia kitu. Alikuwa juu ya ngazi. Anasema alimsikia mzee akiomba. Polisi hawamwamini."

"Wanafanya sawa. Hawezi kuwa alisikia."

"Kwa nini?"

"Kwa jinsi projekta ile inavyopiga kelele? Hata ukikaa karibu naye unamsikia kwa shida, sembuse mtu aliye juu na mlango umefungwa."

Kwenye skrini bunduki zilinyamaza. Dafrosa hakusogea.

"Projekta ipi, Bi Reinholt?"

Pamela alilivuta koti lake, akaliweka mapajani.

"Wiki mbili zilizopita mlitazama video. Ndivyo ulivyowaambia polisi. Projekta ilikuwa kwenye kabati la chini ya ngazi, imejaa vumbi. Ilitolewa Jumanne asubuhi, baada ya video kupelekwa kwa fundi. Aliyeisikia ikipiga kelele mle ndani alikuwamo Jumanne."

Kiti kiligonga nyuma yao. Harrison alikuwa amesimama na anakuja, hatua zake nzito kwenye zulia. Alijitambulisha tena, kwa sauti rasmi, akamwambia kwamba ana haki ya kukaa kimya na haki ya kuwa na wakili, na kwamba lolote atakalosema laweza kutumiwa dhidi yake. Akamwuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa," Pamela alisema. Mikono yake ilikuwa imekamata mikono ya kiti. Kisha akasema harakaharaka: "Nilidhani anaigiza. Mtu aliyekufa mara arobaini mbele ya kamera! Alishika kifua, akapinda mdomo, nikadhani ananichezea. Nikaondoka. Hilo tu ndilo kosa langu."

"Kichupa cha vidonge kilikuwa juu ya kabati," Dafrosa alisema. "Mzee hakifikii. Mhudumu hakifikii. Mimi nimejaribu, sikifikii. Mtu anayedhani mwenzake anaigiza hamfichii dawa."

Juu, kwenye chumba cha mtambo, filamu iliendelea kwenda.

"Yule aliyekuwa akinywa kahawa," Dafrosa alisema taratibu. "Ni nani?"

Pamela aliinua taya lake, lile lile lililoonekana kwenye skrini kubwa mara mia ya ukubwa wake.

"Baba yangu," alisema. "Cyrus Bell. Hamumjui. Hakuna anayemjua. Alicheza filamu kumi na mbili, zote na Corso, zote anakunywa kitu halafu anauawa. Ndiyo sababu nimezipenda filamu hizi maisha yangu yote. Sina pengine pa kumwona." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu ikaja miaka ile ya kuwinda wakomunisti. Mtu alilitaja jina lake kwa siri. Studio zikamfungia mlango, marafiki wakavuka barabara wakimwona akija. Alipaka rangi nyumba za watu mpaka siku alipojiua. Hatukujua kamwe ni nani aliyemtaja."

"Jumanne ukajua," Harrison alisema.

"Alinihadithia mwenyewe! Hakujua mimi ni nani, natumia jina la mume wangu. Projekta ina kelele, na yeye anacheka. Jinsi wale wawindaji wa wakomunisti walivyomkaribisha hotelini, mtu asiyeomba, mtu asiyesaliti, akawapa majina matatu kati ya supu na nyama, ili aendelee kuajiriwa. Nikamwuliza, majina ya nani? Akasema, 'Mmoja alikuwa jamaa mrefu, kila filamu anakunywa kahawa. Sikumbuki aliitwa nani.'" Pamela alimgeukia Dafrosa kama vile yeye peke yake ndiye angeelewa. "Hakukumbuka. Baba yangu alikufa kwa sababu ya jina lake, na yeye hakulikumbuka."

"Halafu moyo ukamshika," Dafrosa alisema.

"Ukamshika. Akanyoosha mkono kwenye kichupa, nikakiwahi. Nikakiweka juu. Nikamwambia, taja jina lake. Taja jina lake nikupe dawa. Akaniomba. Yule ambaye hakuwahi kumwomba mtu, aliomba. Nikasema, jina. Akajaribu. Akasema Charles. Akasema Peter. Alikuwa anabahatisha tu. Mwishoni hata haikuwa na maana, akaanza kutaja majina ya wanawake. Alisema Jedidah. Alilirudia hilo, Jedidah, Jedidah, mpaka akanyamaza."

Kalamu ya Harrison ilisimama kwenye karatasi. Alimtazama Dafrosa. Dafrosa aliinamisha kichwa.

"Na kama angelitaja?" Harrison aliuliza hatimaye.

Pamela alitazama skrini, ambako sasa hapakuwa na mtu, barabara tupu na mvua. "Ningempa," alisema. Akafikiri. "Nadhani ningempa."

Harrison akamsaidia kuvaa koti.

*

Walimwachilia Jedidah kabla jua halijazama. Nahashon alimalizia kutia saini kaunta, na Dafrosa akamtangulia kwenda kuwasha gari lipate joto. Jedidah aliingia na mfuko wa plastiki wenye vitu vyake, akafunga mkanda, akakaa. Hakulia. Dafrosa alikuwa amekwisha kumweleza kwa simu nani alifanya nini, na kwa nini. Kitu kimoja tu hakukigusa.

"Auntie," Jedidah alisema, "alikuwa anasema 'please' kwa huyo mama?"

"Ndiyo."

"Si kwa mimi."

"Hiyo 'please' haikuwa yako."

Jedidah aliangalia nje. Kioo kilikuwa kimeganda, hapakuwa na cha kuangalia. "Kuna kitu kingine. Nakuona vile unashika hiyo usukani. Aliniita?"

Kesi ingekuja. Mahakama ingeyasoma maelezo ya Pamela neno kwa neno, na Jedidah angekaa pale kama shahidi ayasikilize, kwa sauti ya karani asiyemjua, kwa Kiingereza.

"Alikuita," Dafrosa alisema. "Mashine ilikuwa inapiga kelele, na mlango ulikuwa umefungwa. Ungekuwa hata jikoni usingemsikia. Lakini alikuita."

"Aliniita aje?"

"Jedidah. Mara nyingi. Ndilo neno lake la mwisho."

Jedidah aliukunja mdomo wa mfuko wa plastiki, akaukunjua.

"Hajawahi," alisema. "Miaka miwili, Auntie, hajawahi. Alikuwa ananiita Kenya. Kenya, leta chai. Kenya, supu haina chumvi. Mimi nilidhani hata halijui jina langu."

Kisha ndipo alipolia. Dafrosa alirudisha gia mahali pake, akazima taa za gari, akamngoja.